Elfu Tano kwa Siku

Bi Asumini Likwena hunipa elfu tano kila asubuhi,
imekunjwa mara nne, inanuka mafuta ya ganda.
"Kanunue maneno," huniambia,
kana kwamba ananituma sokoni Newala nikalete chumvi.

Siku ya kwanza nilinunua neno moja: korosho.
Neno zuri, limenona, la kila mtu.
Kabla ya adhuhuri pesa ilikwisha.
Walikuja, na kila mguso una bei yake:
mwanafunzi wa Iringa mwenye swali la mtihani,
mjamzito aliyeuliza kama zina madhara,
mkulima wa Nanyamba anayefukuzia bei ya mnada,
na mtu aliyetaka picha tu, ya bibo jekundu.
Hakuna aliyenunua hata punje.
Bi Asumini aliisikiliza hesabu,
akafuta vidole vyeusi kwenye kanga:
"Umefungua mlango mpana mno, mwanangu.
Hata mbuzi wameingia."

Basi nikajifunza.
Neno fupi ni la wenye nazo. Viwanda vikubwa
vinaligombea usiku kucha,
na mimi nyuma kabisa na elfu tano yangu mkononi.
Nikarefusha.
Korosho nzima nyeupe.
Korosho nzima nyeupe kilo moja.
Korosho za kukaanga na chumvi, za harusi, rejareja.
Njia hiyo ndefu hupitwa na wachache,
lakini anayepita huko kikapu kiko begani.

Kuna na daftari la pili, la maneno ya kukataa:
mtu akiyaandika, tangazo letu linajificha.
Mche. Picha. Bure. Salfa.
Hayo niliyafungia nje bila huruma.
Kalamu ilisita kwenye ajira.
Usiku mmoja watu kumi na mmoja walitufikia kwa neno hilo.
Ajira kiwanda cha korosho Mtwara.
Nafasi za kubangua.
Mmoja, saa nane usiku: nafasi yoyote.
Kila mmoja alitugharimu shilingi mia mbili na kitu.
Nilipomweleza, Bi Asumini aliuliza majina yao.
Mashine haitoi majina, nikasema.
Akatazama uani, wanawake kumi na wanne na magogo yao,
hakuna pa kuketi wa kumi na tano.
"Haya. Waandike."
Nikaandika ajira chini ya salfa.
Siku hiyo ugali haukushuka vizuri.

Lililotuinua sikulichagua kwa akili.
Nilikuwa nafukua orodha ya yale watu waliyoandika
kwa vidole vyao wenyewe, na makosa yao,
nikaliona: kolosho.
Nikacheka. Halafu nikaacha.
Darasa la nne, Mwalimu Kapufi alinisimamisha ubaoni
nilirudie mbele ya wote, ko-ro-sho, ko-ro-sho,
na ulimi ukajikwaa palepale kila mara,
ulimi wa mama, wa bibi,
wa nyumba yote mpaka jikoni.
Nikaenda kutazama bei yake.
Hakuna aliyelitaka.
Viwanda vina watu wa kusahihisha;
nani alipe kwa ajili ya kosa?
Nikalichukua kwa shilingi ishirini.

Wakaja. Si wengi.
Wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, mmoja wa Mbeya,
waliohama miaka, njia ya kurudi wameisahau,
midomo haikusahau.
Wananunua, kisha wanauliza kama ming'oko tunayo.

Jana mmoja, Chilumba, aliandika:
"Naomba kolosho kilo mbili, za kubangua kwa mkono."
Nilianza kumjibu. Kidole kikasimama
katikati ya herufi mbili,
Mwalimu Kapufi akiwa bado na fimbo nyuma yangu.
Nikaandika:
Kolosho zipo. Karibu.